Wahunzi wa Israeli na Gitaa la Besi

Somo kwa vikundi vya vijana, wanakwaya na wazee wa kanisa. Soma kwanza: 1 Samweli 13:19–22, 2 Wafalme 12:4–15, 2 Nyakati 24:14.



Katika fungu la kwanza tunasoma habari ya aibu. Siku za mfalme Sauli hapakuwa na mhunzi hata mmoja katika nchi yote ya Israeli. Wafilisti walilitaka jambo hilo liwe hivyo, wasije Waebrania wakajifulia panga na mikuki. Lakini aibu hiyo haikuishia vitani. Mkulima aliyetaka kunoa jembe lake, au shoka, au mundu, ilimbidi ateremke kwa Wafilisti na kulipa bei waliyoipanga wao. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vijiwe vya mizani vilivyoandikwa neno lile lile la bei hiyo, vyenye uzito wa kati ya gramu 7 na 8. Yaani theluthi mbili za shekeli ya fedha kwa kunoa tu. Watu walikuwa na mashamba yao na majembe yao, ila makali ya majembe yalikuwa mikononi mwa wengine.

Mwezi huu twataka kulitazama fungu hili kwa njia ya kitu ambacho kila Jumapili tunakiona na kukisikia pasipo kukifikiri: gitaa la besi la kwaya. Wako watakaouliza kama hiyo ni habari ya kanisa. Tunajibu kwamba ni habari ya kanisa kabisa, kwa sababu ni habari ya sadaka. Gitaa likianza kukwaruza au kukataa kukaa katika sauti, neno la kwanza linalofika mbele ya halmashauri ni ombi la kununua jipya, na harambee hutangazwa. Kumbe mara nyingi gitaa lile halina ubaya wowote ila skrubu chache zilizolegea, kikazio kimoja kilicholika meno, na tundu la waya lililochoka. Vitu vyote hivyo vyaenea katika kiganja cha mkono. Lililokauka ni tawi, nasi twachangisha akina mama wauza dagaa ili kupanda mti mpya.

Kwanza tuelewane kwa nini sauti ya chini ina kazi kubwa hivyo. Katika 1 Nyakati 15:21, Daudi alipowapanga Walawi ili kulileta Sanduku la Agano, wengine walipewa vinubi vya kupigwa kwa namna iitwayo Sheminithi. Neno hilo tunalikuta tena juu ya Zaburi ya 6 na ya 12. Asili yake ni neno la Kiebrania la hesabu, "ya nane", na wako wafafanuzi wanaolieleza kuwa ni sauti ya chini, oktava moja chini ya zile nyingine. Hatutaki kubishana juu ya neno moja. Ila kila aliyesimama katika kwaya ajua kwamba waimbaji wakichangamka hupanda, hasa sauti ya kwanza, na wimbo ulioanza vizuri huishia mahali ambapo wanaume hawaufikii tena. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde moja, na ule mwembamba mara 98. Mitetemo hiyo husikika tumboni kabla ya masikioni, nayo huwarudisha watu pamoja. Kwa sababu hiyo besi isiyo sawa ni hasara kuliko besi iliyonyamaza. Kwaya huifuata hata ikipotoka.

Gitaa lenyewe halina umri mkubwa. Mtu aliyelitoa katika umbo tunalolijua ni Leo Fender wa Fullerton, California, nchini Marekani, mwaka 1951. Yafaa vijana wajue mambo mawili juu yake. La kwanza, yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. La pili, alikuwa fundi redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio mjini kwao. Basi alipobuni besi yake alibuni kama fundi aliyechoka na vitu visivyofunguka. Shingo imeshikwa na skrubu nne. Daraja, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, limeshikwa na skrubu. Vikazio vya kichwani kadhalika. Mwaka 1960 alitoa besi ya pili, na magitaa mengi ya bei nafuu yanayopigwa katika makanisa yetu leo ni miigo ya hizo mbili. Mtu mwenye bisibisi aweza kulitawanya gitaa lote juu ya meza na kulirudisha kabla ya jua kutua. Lilitengenezwa ili litengenezwe tena.

Wazee wetu walijua hivyo kwa kulazimika. Bendi kama Tabora Jazz, na baadaye Mlimani Park iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, zilipiga katika miaka ambayo vyombo na vipuri vilikuwa adimu sana. Baada ya vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 fedha za kigeni hazikutosha hata kwa dawa, sembuse nyuzi za gitaa. Milango ya biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984. Hatuyasemi haya ili kuzisifu shida. Shida ni shida. Tunasema kwamba siku hizi vipuri vinapatikana Kariakoo na huletwa Mwanza kwa basi, lakini mikono inayojua kuvifunga imepungua. Tumerudi kwa Wafilisti kwa hiari yetu wenyewe.

Sisi wa Igogo tuna mfano mwingine mbele ya macho, pale ziwani. Meli ya MV Victoria ilianza safari zake mwaka 1961. Mwaka 2014 ilisimama. Haikukatwa vyuma chakavu. Ilifungwa injini mpya, ikarudi majini mwaka 2020, na watu wa Bukoba wakapanda tena. Kama meli nzima yaweza kufunguliwa na kufungwa hapa Mwanza, skrubu za gitaa zatushindaje?

Sasa tuingie kazini.

Jambo la kwanza ni kuchunguza kabla ya kununua. Lilaze gitaa mezani juu ya blanketi, weka kitambaa kilichokunjwa chini ya shingo, kisha shika kalamu na karatasi. Andika kila kasoro unayoiona na unayoisikia. Tuchukue malalamiko yanayosikika sana, kwamba besi haikai katika sauti. Karibu kila mtu atavilaumu vikazio vya kichwani. Lakini tazama kwanza uzi umezungushwa mara ngapi kwenye kikazio. Ukizungushwa mara moja tu utateleza, na mara mbili hadi tatu zinatosha. Tazama kizingiti, kile kijiti cha plastiki au mfupa chenye mifereji minne pale shingo inapokutana na kichwa. Kama ukikaza uzi unasikia "tik" ndipo sauti inaruka, mfereji ni mwembamba na unaukamata uzi. Usugue taratibu kwa msasa laini uliokunjwa, kisha paka unga wa risasi ya penseli. Tazama tena skrubu za kikazio kama zimelegea. Baada ya hayo yote, kama unazungusha sikio la kikazio robo duara na uzi haujibu kitu, hapo ndipo useme kwamba meno yamelika na kikazio kibadilishwe.

Jambo la pili ni kupima, na hapa ndipo fedha nyingi za makwaya hupotelea. Usiagize "kikazio cha besi" kwa simu kama unayeagiza sukari. Tundu la kichwani ambamo mhimili wa kikazio hupita ni la milimita 14 katika magitaa mengine, na katika mengine lazidi 17. Kadhalika kuna vikazio vya upande mmoja wa kichwa na vya upande wa pili, navyo ni kama viatu, cha kushoto hakiingii kulia. Pima kwa rula ya milimita, pima umbali kati ya tundu la skrubu moja na lingine, na kama ni msafiri anayekwenda dukani, mpe kile kibovu chenyewe aende nacho mfukoni. Daraja vivyo hivyo: hesabu matundu ya skrubu, pima nafasi yao, na pima kutoka uzi wa kwanza hadi wa nne pale zinapokanyaga. Katika besi nyingi za nyuzi nne nafasi kati ya uzi na uzi hapo ni milimita 19 hivi.

Ukiwa na vipuri vyako, legeza nyuzi zote polepole, kila moja kidogo kidogo kwa zamu. Nyuzi nne zilizokazwa huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, yaani zaidi ya mfuko mzima wa saruji. Usikate kamwe uzi uliokazwa. Huruka kama mjeledi, na jicho halina kipuri.

Skrubu zenye kutu zisilazimishwe. Huku kwetu kutu haiji kwa chumvi ya ziwa, maana Ziwa Victoria ni maji baridi. Huja kwa jasho la mikono na kwa unyevu wa majira ya mvua, hasa gitaa likiegemezwa kwenye ukuta wa mawe kwa wiki nzima. Tumia bisibisi inayojaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu. Ikikataa, gusa kichwa chake kwa ncha ya pasi ya kulehemu yenye moto kwa nusu dakika hivi, iache ipoe kidogo, kisha jaribu tena. Chuma kikipata joto hutanuka na kuachana na mti. Skrubu iliyovunjikia ndani ya kichwa cha gitaa ni kazi ya nusu siku, kwa hiyo subira ya dakika kumi ni nafuu.

Kikazio kipya kikiwa mahali pake, kinyooshe kwanza kifuatane na wenzake, ndipo uweke alama za skrubu kwa penseli. Toboa matundu madogo kwa keekee au drili, membamba kuliko skrubu yenyewe, na ufunge utepe kwenye ncha ya drili ili usipite kina ukatokea upande wa pili. Kabla ya kuingiza skrubu, isugue kwenye nta. Vipande vya mishumaa vinavyobaki baada ya ibada vyafaa sana, na tunadhani mtunza madhabahu hatavinyima. Usitumie sabuni kama wafanyavyo baadhi ya maseremala. Sabuni huvuta unyevu na kuzaa kutu. Kaza kwa nguvu ya vidole. Skrubu hizi ndogo zenye kung'aa hukatika upesi.

Yawezekana mti wenyewe umechoka na skrubu inazunguka bila kushika. Jambo hili hutokea zaidi kwenye vishikizo vya mkanda, kwa sababu gitaa la besi lina uzito wa kilo nne hivi na mpigaji kijana haimbi akiwa amesimama wima. Kwa tundu dogo, paka gundi nyeupe ya seremala kwenye vijiti vya kuchokolea meno, jaza tundu, acha mpaka kesho, kata vilivyozidi, kisha toboa upya. Kwa tundu lililopanuka sana, litoboe liwe duara safi, gongomea kipande cha mti mgumu kilichochongwa mviringo, chenye gundi, na uanze kama hapakuwa na tundu. Kipande cha mninga kutoka kwa seremala yeyote chatosha. Wengine huongeza skrubu nene zaidi kila mwaka. Hao huwaachia warithi wao tundu lisilozibika.

Daraja lataka uangalifu wa pekee. Ukilinyanyua, utaona chini yake waya mwembamba unaotoka ndani ya gitaa na kulalia chini ya chuma. Usiukate, wala usiusahau. Hakikisha ncha yake iko uchi, safi, na imebanwa vizuri chini ya daraja jipya. Tutarudi kwenye waya huo punde, kwa maana ndio jambo kuu la somo hili upande wa mikono.

Daraja jipya likikaa, funga nyuzi na urekebishe vile vitandiko vidogo ambavyo kila uzi hukanyaga. Piga uzi ukiugusa tu juu ya freti ya 12, upate ule mlio wa filimbi. Halafu ubonyeze hapo hapo na upige. Milio miwili yapasa iwe sawa. Kama ule wa kubonyeza uko juu, rudisha kitandiko nyuma, mbali na shingo. Ukiwa chini, kisogeze mbele. Kila baada ya kusogeza, kaza uzi upya ndipo upime tena. Kitandiko cha uzi mnene kwa kawaida huishia nyuma kuliko vingine, kwa hiyo mtu asione vimekaa mshazari akadhani ni kosa na kuvipanga mstari.

Kwenye umeme wa ndani tutapita haraka, kwa kuwa fundi redio yeyote wa Makoroboi anaweza kumwonyesha kijana kwa saa moja kuliko sisi kwa kurasa tano. Kile kizungushio cha kuongeza na kupunguza sauti, ambacho mafundi redio hukiita volyumu, kikikwaruza kisafishwe kwanza kwa dawa ya kusafishia swichi na kuzungushwa mara ishirini au thelathini. Mara nyingi hupona. Kikibadilishwa, soma namba iliyoandikwa mgongoni mwake. Besi nyingi zisizo na betri hutumia 250K. Pima na tundu pia, maana kuna vya milimita 8 na vya karibu 10. Tundu la jeki, ambapo waya wa amplifaya huchomekwa (wenye magari watusamehe kwa jina hilo), huharibika kwa sababu moja karibu daima: nati yake imelegea, jeki ikazunguka pamoja na waya, na nyaya za ndani zikakatika. Shika jeki kwa ndani unapoikaza. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua lehemu yoyote, na unawe mikono baada ya kazi, kwa sababu waya wa lehemu aghalabu una risasi ndani yake.

Sasa ule waya wa chini ya daraja.

Gitaa lililochomolewa juu ya meza haliwezi kumdhuru mtu kwa umeme. Liguse utakavyo. Likichomekwa kwenye amplifaya mambo hubadilika. Ule waya huziunganisha nyuzi na ethi ya amplifaya, na kazi yake ya kila siku ni kunyamazisha mvumo. Maana yake ni kwamba mpigaji, kila anapozigusa nyuzi, mikono yake imeunganishwa na amplifaya. Amplifaya ikiwa na ethi nzuri, huo ni usalama. Ikiwa haina ethi na ina hitilafu ndani, volti 230 zaweza kufika kwenye vidole vyake. Tena hata amplifaya yake ikiwa njema, kama maikrofoni inatoka kwenye mashine nyingine iliyochomekwa kwenye soketi mbovu, basi mpigaji anayeimba huku anapiga anakuwa yeye ndiye waya. Umeme huingia mdomoni, hupita kifuani, na kutokea mkononi.

Haya si mambo ya kutishana. Mwezi wa Mei 1972, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows, kijana wa miaka 27, alishika maikrofoni isiyokuwa na ethi jukwaani huko Swansea, Wales, huku mkono mwingine uko kwenye nyuzi za gitaa lake. Alikufa. Tarehe 30 Oktoba 2005, mchungaji Kyle Lake wa kanisa la Kibaptisti huko Waco, Texas, alisimama ndani ya maji akiwa tayari kubatiza, akanyosha mkono kuivuta maikrofoni karibu. Naye alikufa, mbele ya washarika wake. Mmoja alikuwa katika muziki wa dunia, mwingine katika ibada ya Jumapili. Umeme hauulizi.

Basi, ndugu zetu, mara ngapi tumeona nyaya mbili uchi zimeingizwa kwenye soketi na kubanwa kwa njiti za kiberiti, kwa sababu plagi imevunjika na ibada inaanza? Mara ngapi pini ya tatu ya plagi imekatwa ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili? Na muimbaji akilalamika kwamba maikrofoni inamwasha mdomo, tunaifunga kitambaa! Kule kuwashwa ndiko onyo lenyewe. Aliyewashwa aache hapo hapo, chombo kizimwe ukutani, na kisiwashwe tena mpaka fundi umeme mwenye leseni amekagua. Kwaya iimbe bila vyombo Jumapili hiyo. Tenzi ziliimbwa miaka mingi bila umeme na Mungu alizisikia.

Wako mafundi wanaoshauri kuuondoa ule waya wa daraja ili nyuzi zisiwe na njia ya umeme. Hatukubaliani nao. Gitaa litavuma kama nyuki, na ubovu ulioko kwenye soketi utabaki pale pale ukimngojea anayefuata. Dawa ni kulirekebisha jengo: ethi iliyochimbiwa na kupimwa, vyombo vyote vya kwaya vichomekwe kutoka njia moja yenye ethi hiyo, na kwenye ubao wa swichi ifungwe ile swichi inayojikata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Umeme ukikatika na jenereta likawashwa, mambo ya ethi yanaanza upya, kwa hiyo fundi aulizwe juu ya jenereta pia. Gharama hii haikwepeki. Tungependa halmashauri iliweke jambo hili mbele ya gitaa jipya, mbele ya spika mpya, na hata mbele ya sare za kwaya.

Mpaka uwekwe wazi vilevile juu ya kile ambacho vijana wasikiguse. Gitaa ni lao walifungue. Amplifaya wasiifungue hata ikiwa imechomolewa, kwa maana ndani yake mna vihifadhi vya umeme vinavyoweza kubaki vimejaa baada ya kuzimwa. Kujitegemea ambako Mwalimu Nyerere alituandikia mwaka 1967 hakukuwa na maana ya kila mtu kufanya kila kitu.

Turudi kwenye Maandiko, tuitazame fedha. Katika 2 Wafalme 12, mfalme Yoashi aliamuru fedha iliyoletwa hekaluni itumike kuziba mabomoko. Miaka ikapita hata mwaka wa 23 wa kutawala kwake, na mabomoko yako vile vile. Hatusomi kwamba makuhani waliiba. Tunasoma tu kwamba fedha ilipokewa na kazi haikufanyika, jambo ambalo lajulikana hata katika halmashauri zenye watu wema. Ndipo Yehoyada kuhani akatwaa kasha, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha ikatoka kwenye kasha na kwenda moja kwa moja kwa maseremala na waashi.

Angalia sasa mstari wa 13, ambao wengi huupita. Kwa fedha ile havikufanywa vyombo vipya vya hekalu, wala mabakuli ya fedha wala tarumbeta. Tarumbeta ni chombo cha muziki! Kumbe hata siku zile wako waliotaka kununua tarumbeta mpya wakati ukuta una nyufa. Mwandishi wa Nyakati anatuongezea kwamba kazi ilipokwisha, fedha iliyosalia ndiyo iliyonunua vyombo (2 Nyakati 24:14). Basi chombo kipya hakikukatazwa. Kilipewa zamu yake, na zamu yake ilikuwa baada ya kutengeneza.

Kwa utaratibu huo tungeshauri kwaya iwe na daftari dogo na kopo. Ndani ya daftari iandikwe kila kipuri kilichonunuliwa, tarehe, bei, na nani alikifunga, awe kijana wa kiume au binti; na mabinti wasiachiwe kushika taa tu. Ndani ya kopo viwekwe vipuri vya zamani. Kikazio kilicholika meno bado kina skrubu njema, na daraja lenye kutu bado lina vitandiko viwili vitatu vyenye uhai. Paka tone la mafuta ya cherehani, funga kopo, andika juu yake. Gitaa lililofungwa nyuzi jioni liachwe usiku kucha, kisha likazwe tena asubuhi kabla ya ibada, kwa maana nyuzi mpya hulegea. Baada ya kila ibada lifutwe jasho kwa kitambaa kikavu na kutundikwa mbali na ukuta wa nje.

Kwa mazungumzo ya vikundi: Ni vyombo gani vya kanisa letu vimelala stoo kwa sababu ya kitu kinachoenea kiganjani, na ni nani kati yetu amewahi kuvifungua na kutazama ndani? Katika kijiji cha Israeli chenye majembe ishirini na mhunzi hakuna, ni nani alinufaika na hali hiyo, na ni nani kwetu ananufaika? Yoashi aliwangoja makuhani muda mrefu. Je, halmashauri ifanyeje fedha ya matengenezo ikikaa mwaka mzima bila kazi? Na kabla hamjaachana, mmoja wenu ainuke na taa, aende kwenye soketi iliyo karibu na kwaya, ahesabu matundu yake, atazame kama kuna njiti za kiberiti ndani, na amletee mzee wa kanisa habari usiku huo huo.